Beleshi la Marehemu Eliseo

Cañada Honda
28 Septemba

Mwanangu Ysaura,

Mungu akubariki, na Mtakatifu Isidro wa wakulima akutupie jicho, ingawa huko Los Angeles sijui atakukuta unalima nini. Sisi wa huku tungali tunapumua. Wiki hii tumechoma pilipili. Ua mzima unanuka moshi, na vidole vinaniwaka hata kalamu nimeizungushia kitambaa. Jirani yangu Benito amefiwa na ng'ombe. Amemlilia kilio ambacho mkewe Eufelia anasema yeye hatakipata.

Simu uliyonitumia iko kabatini, haijambo. Usinune. Kwenye simu watu hujibu kabla hawajafikiri, na mimi na wewe tukijibizana hivyo hatumalizi bila kugombana. Kwenye barua mtu akikasirika anaichana, anaanza upya. Hii ni ya pili.

Kitabu chako kimefika. Nimekisoma, nikakirudia. Pale ulipomtaja baba yako, ndugu yangu Eliseo, nimelia, sikufichi. Lakini shairi la bonde letu katika mwaka 2120 limenikwama kooni:

Bonde limelala, mdomo wazi.
Mfereji ni kovu, beleshi ni mfupa.
Sisi tuko juu, tunaizunguka Mshtarii,
tunawafundisha watoto neno "maji"
kama wafundishwavyo jina la babu aliyekufa.

Maneno matamu, hilo nakubali. Ila nina maswali ya mtu wa shamba. Hao walioko juu kwenye sayari yako walipandaje huko, ilhali sisi hata basi la kwenda mjini hatuna? Nani alifunga mlango wa kanisa? Mbwa aliachiwa nani? Umetuua wote, na hukumuuliza hata mmoja wetu anataka kufa lini.

Sasa jambo lenyewe. Kuna kampuni imekuja, watu wake wana viatu safi. Inataka kununua maji ya mfereji wetu yote, iyapeleke kwa bomba nyuma ya milima kwenye jiji linalotaka bustani. Unajua mfereji wetu hauuzwi vipande. Unauzwa mzima au hauuzwi, na wanaoamua ni wenye vipande, kwa kura, Jumapili inayofuata siku ya kuusafisha. Mimi ndiye msimamizi, kwa hiyo lawama zote zinakuja kwangu. Na kanuni ni ileile ya babu zetu: mwili mmoja, beleshi moja, kura moja. Aliyechimba kipande chake, au aliyeleta mtu wa kumchimbia, ana kura. Asiyefanya hivyo hana.

Kipande cha baba yako sasa ni chako. Watu wamegawanyika, na kila kura itagombaniwa. Tunasafisha mwisho wa Machi. Njoo.

Shangazi yako,
Orlinda


Los Angeles
11 Novemba

Shangazi yangu,

Naomba baraka yako, na unisamehe kwa kuchelewa. Kazi ya kufundisha inanila mzima mzima. Siku ya Wafu nilimwekea baba meza: picha yake, mishumaa, kahawa bila sukari, na pakiti ya zile sigara ulizokuwa ukimficha. Wanafunzi wangu walikuja wamejichora mafuvu usoni. Mmoja alimchora bibi yake akiwa mwanaanga, shali imefungwa juu ya kofia ya kioo, mkononi ana kikapu cha maharage. Nilicheka, kisha nikatoka nje nikalia. Nilikukumbuka wewe.

Najua shairi limekuudhi. Lakini nisikilize. Sisi Wachikano, Wamarekani wenye asili ya Meksiko, kila tukiandikwa tunaandikwa jana: babu, udongo, watakatifu, machozi. Kwenye sinema za mambo yajayo miji imejaa watu, na hakuna hata mmoja anayefanana na wewe. Ni kama kesho imeandaliwa karamu na sisi hatukualikwa. Nataka watoto wa mtaa huu wajione wako hai miaka mia ijayo, hata kama ni huko Mshtarii. Sikuwaua, Shangazi. Niliwahamisha.

Nina ombi. Kunaandaliwa maonyesho hapa mjini juu ya kesho yetu, na wameniomba kitu cha nyumbani. Unaweza kunitumia beleshi la baba? Lile lenye mpini uliolika pale alipokuwa akishika. Nitalitundika ukutani na shairi chini yake.

Na hebu niambie, miaka yote hii kipande chake nani amekuwa akikichimba?

Kuhusu Machi, tutaona. Ni wakati wa mitihani.

Nakupenda,
Ysaura


Cañada Honda
16 Desemba

Mwanangu,

Mungu akubariki. Theluji imefika magotini, na Benito amenunua ng'ombe mwingine akampa jina la yule wa kwanza. Jana tulikaa jikoni kwa Eufelia tukifunga tamale za Krismasi, unga wa mahindi na nyama ndani ya maganda, midomo ikifanya kazi kuliko mikono. Niliwasomea shairi lako. Eufelia akauliza huko Mshtarii nani atakuwa anapika, maana Benito akienda bila yeye atarudi kesho yake. Mama yake jirani yetu Remigio, ambaye sasa haoni wala hasikii vizuri, alitaka kujua kama kuna choo. Tumecheka sana. Halafu tukaacha kucheka, kila mtu akatazama tamale yake.

Unasema hukutuua, ulituhamisha. Mwanangu, hata wale wenye viatu safi hawasemi kwamba wanatuua.

Nakuelewa kuhusu kesho, usidhani mimi ni gogo. Baba yako naye alikuwa hivyo. Aliandamana ujanani, akapigwa, akarudi anasema watoto wetu watakuwa na kesho. Lakini asubuhi yake alishika beleshi akashuka mfereji. Kwake kesho ilikuwa maji yafike kwa jirani wa chini kabla mahindi hayajakauka.

Beleshi silitumi. Beleshi halitundikwi ukutani wakati mfereji una kazi. Liko stoo, nimelipaka mafuta, linakungoja wewe.

Umeuliza kipande kinachimbwa na nani. Kinachimbwa.

Na kwa kuwa babu yako alikuwa mtunga beti wa harusini, na hakuna aliyempa zawadi ya kuruka angani, pokea ubeti wangu:

Mshairi wa angani, kalamu aishikile,
Beleshi hulitamani, ukutani lining'ale,
Mfereji wa nyumbani, magugu yaujazile,
Hebu shuka duniani, udongo ukutambule.

Shangazi yako,
Orlinda


Los Angeles
29 Januari

Shangazi,

Naomba baraka yako. Nilikuwa kitandani na mafua, ndiyo sababu ya ukimya, na kitabu nacho kimeingia kwenye orodha ya kugombea tuzo, basi kila siku naitwa huku na kule. Ubeti wako nimeubandika mlangoni pa ofisi. Wanafunzi wanauliza huyu mshairi ni nani, nawaambia ni mwanamke aliyenilea kiangazi kila mwaka na kunikanya kila siku.

Umenishinda. Nitakuja. Jumamosi ya kusafisha nitakuwa hapo asubuhi, na nitaruka na ndege ya Ijumaa. Tafadhali usinitafutie mtu wa kunichimbia. Nataka kukichimba kipande cha baba kwa mikono yangu, mpaka itoke malengelenge, ili usipate tena la kunitungia.

Mwanao,
Ysaura


Cañada Honda
20 Februari

Mwanangu Ysaura,

Mungu akubariki mara mbili. Barua yako nimeisoma kwa sauti kanisani baada ya misa, Mungu anisamehe, nikijifanya naitafuta miwani ili watu wasiondoke. Nimefua glavu za baba yako.

Sasa sikiliza lililotokea. Kampuni iliitisha mkutano kwenye ukumbi wa parokia. Walileta keki. Akasimama kijana mmoja mpole, anaongea lugha yetu kama aliyeisoma darasani, akatoa kitabu mfukoni mwa koti. Kilikuwa chako. Akalisoma lile shairi, na alilisoma vizuri, siwezi kusema uongo. Alipomaliza akakifunga taratibu, akasema:

"Hata mtoto wenu mwenyewe ameliona. Bonde hili limekwisha. Sisi tunawaletea nauli tu."

Hakuna aliyemjibu. Hata mimi, na unanijua. Remigio, ambaye tangu Septemba alikuwa upande wetu, alinipita mlangoni kofia mkononi akaniambia, "Orlinda, kama msomi wetu ameshatuzika, mimi nabishana na nani?" Sasa yuko upande wao, na hakuondoka peke yake.

Kijana yule alisema jambo jingine. Alisema uliwasomea shairi hilo wewe mwenyewe vuli iliyopita, mezani kwao, kwenye karamu yao. Nakuuliza, na ningependa jibu: uliwajua ni akina nani?

Vyovyote iwavyo, njoo. Usinitumie maneno. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na huyu sasa yuko ndani ya nyumba. Watu wakikuona matopeni na beleshi la Eliseo, Remigio hatakuwa na pa kuweka uso.

Shangazi yako,
Orlinda


Los Angeles
12 Machi

Shangazi,

Naomba baraka yako. Barua yako imenitia homa. Siwezi kueleza nilivyojisikia kusikia shairi langu limesomwa hivyo, na kwa watu wangu.

Nimesoma kwenye meza nyingi. Mwandishi hualikwa, akala, akasoma, akaondoka. Na shairi lile ni onyo, si agano. Anayepiga kelele za moto si yeye aliyechoma nyumba. Ningetamani mtu mmoja tu ukumbini angesimama akasema hivyo.

Naambatanisha karatasi iliyotiwa saini mbele ya wakili: kura yangu ni HAPANA, maji yasiuzwe. Nimeituma endapo litatokea lolote, maana barabara za milimani mwezi huu hazitabiriki.

Tutaonana Jumamosi ya kusafisha. Niwekee maharage.

Ysaura


Cañada Honda
10 Aprili

Ysaura,

Mungu akubariki. Baraka sikuzuilii.

Mtu anayekuja hatangulizi karatasi. Nililijua hilo nilipoifungua bahasha, nikajifanya silijui.

Jumamosi watu walifika na mabeleshi mapema, kuna barafu kwenye majani. Nilimpa kila mtu kipande chake kama kawaida. Kwenye cha baba yako, pale penye mierebi, niliweka beleshi na glavu juu ya jiwe. Benito aliniambia shemeji yake Toribio hana kipande chake, na anaweza kukichimba hiki kwa jina lako. Nikamwambia hapana, yuko njiani, amesema anataka mwenyewe. Akarudi tena. Nikamfokea. Kila vumbi la gari lilipotokea barabarani niliinua kichwa, na watu walikuwa wananitazama mimi, si gari.

Tulikula maharage. Sahani yako niliifunika. Watu walimaliza, wakaosha mabeleshi kwenye maji ya kwanza, wakaenda zao, Toribio pamoja nao. Hapo ndipo niliposhuka nikakichimba. Sikufikiri. Mwili ulikwenda wenyewe, kama ulivyokwenda kila mwaka tangu Eliseo azikwe. Uliniuliza nani hukichimba. Haya, umejua.

Jumapili tukapiga kura. Nilikuwa na karatasi yako. Ikihesabiwa, pande mbili zilikuwa sawa, na zikiwa sawa kanuni inasema mambo hubaki yalivyo. Niliiweka mezani, mbele ya sanamu ya Mtakatifu Isidro, na mkono wangu juu yake. Akasimama Belarmino.

Humkumbuki Belarmino. Mwaka jana nilimnyima kura mbele ya watu wote, kwa sababu ndugu yake alichimba vipande viwili, chake na cha Belarmino, naye Belarmino alikuwa kwenye mbio za farasi. Alinilaani. Nikamwambia kanuni ni kanuni: mwili mmoja, kura moja.

"Mama Orlinda," akaniita kwa heshima zote, "kipande cha marehemu Eliseo kimechimbwa na nani?"

Ningeweza kusema Toribio. Toribio mwenyewe alikuwa ananitazama, na kwa macho alikuwa ananiambia niseme. Nikasema, "Mimi."

"Na kipande chako?"

"Mimi."

"Mwili mmoja," akasema, na hakumalizia. Sikumchukia. Yale yalikuwa maneno yangu.

Asiyekuwapo na lake halipo. Karatasi yako niliikunja nikaitia mfukoni. Mfereji umeuzwa kwa kura moja. Watu wa kampuni walipiga makofi kidogo, wakaona wako peke yao, wakaacha. Eufelia alinishika mkono mpaka nyumbani.

Nililokosa ni kukuamini na kukuchimbia siku ileile. Ningemwachia Toribio beleshi, tungekuwa na maji.

Swali langu la Februari bado liko mezani.

Orlinda


Los Angeles
22 Mei

Shangazi yangu,

Naomba baraka yako kwa magoti, kama nipo pale mbele yako.

Nimeandika barua hii nikaichana mara nyingi kuliko nilivyochana kitabu kizima. Ile Jumamosi ilikuwa siku ya kutoa tuzo. Walinijulisha siku chache kabla. Waliniambia lazima mshindi awepo, na nikajiambia kwamba karatasi inatosha, kwamba mtu yeyote angechimba, kwamba watu wetu wakiniona jukwaani pale itakuwa kwa ajili ya bonde zima. Nilipopanda nilitaja jina la Cañada Honda. Watu walisimama wakapiga makofi. Nilikuwa nafikiria sahani uliyoifunika, ingawa sikujua bado kama uliifunika.

Naapa sikujua watakachokifanya na shairi.

Nimeandika jipya. Ni mwaka 2150. Walioko juu wamechoka na Mshtarii, wanarudi, wanaufukua mfereji kwa mikono, wanachimba wakiimba, na mbele yao anatembea mwanamke aliyenyooka kama mnara, beleshi begani. Jina lake Orlinda. Maji yanarudi kabla shairi halijaisha. Nitalisoma popote. Nitalisoma kwenye ukumbi wa parokia ukiniruhusu. Nije Julai? Nitakaa muda mrefu, nitakusaidia chochote.

Tafadhali nijibu.

Mwanao,
Ysaura


Cañada Honda
30 Juni

Ysaura,

Mungu akubariki. Tulimtembeza Mtakatifu Isidro kandokando ya mfereji kama kila mwaka, padri akanyunyiza maji ya baraka. Benito alisema kwa mara ya kwanza mtakatifu ameonekana anatutazama sisi badala ya mashamba. Maji ya kiangazi hiki bado ni yetu. Bomba wanaanza kulitandaza Oktoba. Belarmino ameuza farasi wake wote, wala haniambii sababu. Nimepanda mahindi machache, ya kula tu.

Nimesoma shairi jipya. Hakuna anayechimba mfereji akiimba, mchanga unaingia mdomoni. Na yule mwanamke aliyenyooka si mimi. Mimi tangu Machi navaa viatu nikiwa nimelala, kwa sababu ya mgongo, na sikukwambia kwa sababu ungeniandikia shairi.

Umeapa hukujua watakachokifanya. Mimi sikuuliza hilo. Niliuliza kama uliwajua. Sasa siulizi tena.

Julai kuna joto na hakuna kazi. Kama unakuja kunitazama, njoo, kitanda kipo. Kama unakuja kusamehewa, hapa hapana msamaha wa aina hiyo, mimi si padri, na waliouza wote ni majirani zangu, nasalimiana nao kila siku.

Watoto wako huko waandikie kesho yoyote unayotaka. Huenda wataihitaji. Sisi tulihitaji Jumamosi moja tu.

Pamoja na barua hii utapokea mzigo mrefu. Toribio ameufunga vizuri kwa gunia na kamba. Ni beleshi la baba yako. Nililipaka mafuta mara ya mwisho, na mpini sikuugusa, umelika palepale alipokuwa akishika.

Nilikwambia halitundikwi ukutani wakati mfereji una kazi. Sasa litundike.

Orlinda